Hita ya bafuni ikisumbua: tazama umeme kwanza, maji baadaye



Wiki hii nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi hawakitarajii katika safu ya afya, nacho ni maji ya moto ya kuogea. Najua utasema: tabibu, sisi ni watu wa Pwani, mchana wa Januari hapa Bagamoyo hata bomba la uani linatoa maji ya moto bila ya kuni wala umeme, sasa hita ya nini? Ni kweli kwa Januari. Lakini subiri kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma usiku kucha, kisha uamke kabla ya alfajiri nawe una wajibu wa kuoga. Au muulize bibi yako mwenye miaka 75, anayetawadha mara tano kwa siku na viungo vinamuuma. Au muulize mzazi mwenye mtoto wa selimundu. Mtoto huyo akimwagiwa maji ya baridi asubuhi, mishipa yake ya damu husinyaa, chembe zake za damu zenye umbo la mundu hukwama njiani, na saa chache baadaye analia kwa maumivu ya mifupa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo kwa nyumba nyingi maji ya uvuguvugu si anasa.

Kwa sababu hizo hita zimeingia majumbani kwetu, kuanzia Kunduchi, Mbweni na Bunju, kupita Mapinga na Kerege, hadi Bagamoyo mjini. Pamoja na hita wakaja wagonjwa wa aina mbili: aliyepigwa shoti na aliyeunguzwa na maji.

Mwanamke mmoja alimleta binti yake wa miaka tisa akiwa na jeraha kichwani. Mtoto alikuwa anaoga, akashika koki ya shawa, umeme ukamrusha, akajigonga ukutani. Alhamdulillah, jeraha lilikuwa la kushona tu. Nilipomuuliza mama kama bomba lile lilishawahi kuonyesha dalili, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Huwa linatutekenya siku zote, tumeshazoea." Fundi alikuwa amewaambia ni chumvi ya kisima tu, wawe wanavaa kandambili. Jibu lile ndilo lililonifanya niandike makala hii.

BOMBA LINALOTEKENYA

Ndugu msomaji, maji hayatekenyi. Ukigusa koki, shawa au maji yanayotiririka ukahisi kitu kinakutambaa vidoleni, huo ni umeme unaopita ndani ya mwili wako kwenda ardhini. Leo umepita kidogo kwa sababu umevaa kandambili na mikono imekauka. Kesho utakuwa peku, umelowa mwili mzima, mguu kwenye maji ya sakafuni, nao utapita mwingi. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, ule ule unaotekenya ndio unaoua. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa wepesi zaidi kuliko kavu, na bafuni ndipo mahali pekee nyumbani ambapo mtu husimama uchi, amelowa, peke yake, na mlango ameufunga kwa ndani.

Sasa kwa nini hutokea zaidi huku kwetu? Ili uelewe, lazima ujue hita yako ni ya aina gani. Ile inayofungwa moja kwa moja kichwani mwa shawa, ambayo maji huchemka papo hapo yanapopita, mara nyingi ina koili iliyo wazi ndani yake. Yaani waya wenye umeme unagusana na maji yenyewe utakayojimwagia. Kiwanda kilifanya hivyo kwa kujua kwamba maji baridi yasiyo na chumvi hupitisha umeme kidogo sana, na hicho kidogo kinachovuja hupokelewa na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi, kikapelekwa chini kabla ya kukufikia. Kwa nyumba inayopata maji ya DAWASA kutoka Ruvu, na yenye erthi nzima, mpango huo hufanya kazi.

Lakini nyumba ngapi huku zinatumia visima? Maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi, kwa kuwa tuko juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na bahari iko jirani. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kwa hiyo yule fundi hakukosea kuitaja chumvi, alikosea kuifanya kuwa udhuru. Hita ya koili iliyo wazi haifai kwa maji ya chumvi. Ziko shawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji hayo, koili yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma isiguse maji, na kwenye boksi huandikwa kwamba ni za maji ya chumvi. Bei yake iko juu kidogo. Ukiwa dukani usimuulize muuzaji ipi ni nzuri. Mwambie maji yako ni ya kisima na yana chumvi, kisha usome mwenyewe maandishi ya kwenye boksi.

Jambo la pili ni erthi yenyewe. Kuna nyumba ambazo ule waya wa kijani na njano umekatwa na kukunjwa nyuma ya shawa, kwa sababu fundi aliona taa inawaka na maji yanachemka bila ya kuufunga, basi akaona hauna kazi. Ni kweli, siku zote hauna kazi, mpaka siku ile moja. Kuna nyumba nyingine waya umefungwa vizuri lakini fimbo yake iliyochimbiwa nje imeliwa na kutu, maana hewa ya bahari haibakishi chuma. Na mchanga wetu ukikauka wakati wa kiangazi hupitisha umeme vibaya, hivyo fimbo fupi iliyochomekwa juu juu haisaidii kitu. Inatakiwa ishuke hadi kwenye udongo wenye unyevu, na fundi apime kwa kifaa, si kwa macho.

Jambo la tatu ni kile kifaa kwenye boksi la umeme kinachojikata chenyewe umeme unapovuja. Breka za kawaida hukata pale waya unapozidiwa mzigo, hazijali kama umeme unapita kwenye mwili wa mwanao. Hiki ninachokisema ni kingine. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua kiasi cha miliampia 30 hukata kabla ya nusu sekunde kuisha. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kila mwezi. Kikikata, kimepona. Kisipokata, kimekufa, mwite fundi akibadilishe. Kama huna kabisa, basi kabla hujanunua pazia jipya la sebuleni nunua hiki.

Kwa hiyo bomba likitekenya, la kufanya ni hili, na lifanyike leo hii: zima breka ya hita kwenye boksi, si swichi ya bafuni tu. Nasema hivyo kwa sababu ziko nyumba ambazo waya zimefungwa kinyume, au swichi hukata waya mmoja tu, kwa hiyo taa ya hita inazima lakini umeme bado umo ndani. Kisha wote nyumbani waogee ndoo mpaka fundi aje. Usiifungue hita mwenyewe hata kama una testa na umeona mtu akifanya. Na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe, si utovu wa adabu. Ikiwa ukizima hita bado bomba linatekenya, tatizo laweza kuwa kwenye pampu ya kisima, au kwa jirani mnayechangia naye bomba. Hapo zima na pampu pia.

Kama hita yako imechomekwa kwenye soketi ya kawaida kwa plagi ya miguu mitatu, hilo nalo ni kosa. Shawa ya wati 5,500 hunywa ampia 24 hivi, na plagi ile mwisho wake ni 13. Ndiyo maana plagi inayeyuka na ukuta unanuka plastiki iliyoungua. Shawa kama hiyo yahitaji breka yake peke yake na waya mnene wa milimita za mraba 4 hadi 6 kutoka kwenye boksi, kufuata maelekezo ya kiwanda. Waya wa taa ni 1.5 tu. Ukigusa swichi ya hita baada ya mtu kuoga ukaikuta ya moto, dalili ndiyo hiyo.

MAJI YANATOKA LAKINI NI BARIDI

Likishakuwa salama upande wa umeme, ndipo tutazame maji. Hapa wengi hutupa hita nzima bure.

Shawa inayochemsha papo hapo haiwaki mpaka maji yaisukume. Ndani yake mna mpira, maji yakiwa na nguvu huusukuma, nao huunganisha umeme. Maji yakiwa dhaifu, mpira hausogei, na utaoga baridi mpaka uchoke. Nguvu ya maji hutokana na kimo cha tangi: kila mita 1 ya kimo juu ya shawa hukupa sehemu moja ya kumi ya bar. Ukiweka simtanki kwenye mnara mfupi sawa na dari, huna nguvu yoyote. Soma kwenye boksi hita inataka kiasi gani, kisha upime kutoka chini ya tangi hadi shawa.

Kama zamani iliwaka na sasa haiwaki, usianze kulaumu tangi. Fungua kichwa cha shawa (breka imezimwa!), utakuta vitundu vimezibwa na ukoko mweupe. Hiyo ni chokaa kutoka kwenye maji magumu ya mawe ya matumbawe. Kiloweke usiku kucha ndani ya siki au maji ya ndimu, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Nimewaokolea majirani shawa tatu kwa njia hii, na malipo yangu yalikuwa chai na vitumbua.

Baada ya maji ya mgao kukatika na kurudi, kinachotangulia ni hewa na tope. Hewa ikikwama kwenye kona ya bomba iliyopanda na kushuka, maji hayapiti au hutoka kwa kukohoa. Fungua koki zote, ukianza na ya chini kabisa, uziache dakika kadhaa mpaka kikohozi kiishe. Ila kwanza hita izimwe, kwa sababu koili ikiwaka bila maji huungua kwa sekunde chache. Koili za watu wengi hufa siku maji yanaporudi.

Malalamiko mengine ni kwamba maji yanakuwa ya moto, mara baridi, mara ya kuunguza. Sababu ni hesabu tu. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 6 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 13 hivi. Ikipitisha lita 3, huyaongezea nyuzi 26. Maji ya tangi yakiwa nyuzi 25, ya kwanza hutoka na 38, mazuri kabisa, na ya pili hutoka na 51, ambayo yataunguza. Basi mtu akifungua bomba la jikoni wewe ukiwa bafuni, nguvu inashuka na maji yako yanageuka moto. Kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake chini ya shawa hiyo, na swichi iwekwe kwenye kiwango cha chini kwa majira yetu. Kile cha juu kabisa wekea watu wa Lushoto.

BOILA INAYODONDOSHA

Wenye nyumba kubwa wana boila, lile pipa linalohifadhi maji ya moto. Hili huwa na koki ndogo ya usalama pembeni, nayo hudondosha matone boila linapopata moto. Watu huiona kama ubovu, wakaiziba kwa kipande cha mti au kuifunga kifuniko. Nakusihi usifanye hivyo. Maji yakipashwa moto hupanuka: boila la lita 100 likitoka nyuzi 20 hadi 60 huzidisha kiasi cha lita moja na nusu, na lazima ziende mahali. Zikikosa pa kwenda, na kidhibiti joto kikagoma kuzima, pipa hupasuka, na kupasuka kwake hubomoa ukuta. Matone machache wakati wa kuchemka ni uzima. Ikimwaga mfululizo hata likiwa limepoa, hapo koki imechoka au nguvu ya pampu imezidi, mwite fundi bomba.

Mengine ya boila nayapitia kwa haraka. Maji yakitoka na rangi ya kutu, muulize fundi habari ya kile kijiti cha magnesiamu kilichomo ndani, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya pipa, na kwa maji yetu ya chumvi huisha mapema. Uniti za LUKU zikiyeyuka bila ya maelezo, zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa boila, usitumie maji ya moto, kisha itazame ile taa ndogo nyekundu ya mita: ikimeta bila kupumzika, kidhibiti joto kimeganda au bomba la moto linavuja chini ya sakafu. Na mabomba ya plastiki ya kawaida ya maji baridi yasitumike upande wa moto, yanalainika na kuachia viungo. Mwambie fundi atumie yaliyoandikwa kuwa ni ya maji ya moto.

Boila liwekwe nyuzi ngapi? Hapa kuna mvutano. Chini ya nyuzi 45 kuna bakteria aitwaye Legionella ambaye hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotulia, akaingia mapafuni kwa mvuke wa shawa na kuleta nimonia kali, hasa kwa wazee na wavutaji sigara. Alijulikana baada ya wajumbe wa mkutano mmoja kuugua hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Kwa kumuua, boila liwe nyuzi 60. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 tu, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Jibu ni kuliacha boila kwenye 60 na kuweka koki ya kuchanganya kabla ya shawa, ili bafuni yafike chini ya 45. Na mkirudi kutoka Hija au msiba wa mbali, nyumba ikiwa imefungwa wiki kadhaa, fungueni maji ya moto yamwagike dakika kadhaa, dirisha likiwa wazi, kabla ya mtu kuoga.

MAJI YALIYOPASHWA NA JUA

Msomaji aliyesoma madrasa atakuwa ameshaanza kuniuliza: na maji ya jua je? Sisi tuliofundishwa fiqhi ya Imam Shafii tulipofika kwenye mlango wa tohara, katika mafungu ya maji tulikuta lile fungu la maji yaliyopashwa na jua, kwamba ni tohara na yanatoharisha lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini, kwa kuhofia maradhi ya ngozi. Jirani yangu mmoja alikataa sola ya maji kwa sababu hiyo.

Nilichomjibu ni kwamba wanazuoni waliosema karaha waliiwekea masharti: iwe ni nchi ya joto, chombo kiwe cha madini yanayofulika kwa nyundo, kisicho cha dhahabu wala fedha, na maji yatumike yakiwa bado ya moto. Simtanki la plastiki haliingii humo. Na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yenyewe, aliona kwamba kwa upande wa dalili karaha hiyo haikuthibiti. Kwa upande wa utabibu, maji ya jua hayaleti mbalanga. Mwenye wasiwasi zaidi amuulize sheikh wake. Mimi ninachohofia kwenye sola ni joto tu: mchana wa jua kali, hasa zile za mirija ya vioo, maji yaweza kupita nyuzi 70, na hapo kuungua ni kufumba na kufumbua. Nayo yafungwe koki ya kuchanganya.

NDOO BADO INA HESHIMA

Kwa mawazo yangu, hita mbovu ni bora ing'olewe watu warudi kwenye ndoo. Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kuwa alikuwa akioga kwa kiasi cha pishi moja ya Kiarabu, yaani saa, mpaka vibaba vitano, ambayo kwa makadirio ni lita 3 na zaidi kidogo. Kuipasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 hutumia theluthi ya uniti. Shawa ya dakika kumi humaliza karibu uniti nzima.

Lakini ndoo nayo ina sheria zake, kwani watoto wengi walioungua niliowatibu waliungua kwa ndoo na sufuria. Tia maji ya baridi kwanza, ya moto yafuate, kamwe usigeuze. Kipimo: kikombe 1 cha maji yaliyochemka kwa vikombe 4 vya baridi hukupa nyuzi 40 hivi. Kwa mtoto mchanga weka vikombe 5. Pima kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea sufuria. Sufuria isibebwe kupita ukumbini watoto wakicheza, ichukuliwe nusu na ifunikwe. Wanaotumia hita ya kuchovya kwenye ndoo wachomoe plagi kwanza, ndipo waguse maji, hata kama ni kwa ncha ya kidole. Jiko la mkaa lisiingizwe bafuni wala chumbani kwa mzazi, wala hita ya gesi isifungwe kwenye bafu lisilo na tundu la hewa. Hewa ya ukaa haina harufu, mtu husinzia tu.

Mgonjwa wa kisukari nataka nimuweke peke yake. Miguu yake huenda imekufa ganzi bila ya yeye kujua. Anatia mguu kwenye maji ya moto kwa ajili ya udhu, hahisi kitu, jioni anaona lengelenge, na baada ya mwezi tunazungumza habari ya kukata kidole. Huyu apimiwe maji na mtu mwingine, au apime mwenyewe kwa kiwiko.

Na mzazi aliyejifungua. Najua mila yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na mkandaji akisema yawe ya moto kweli kweli. Bibi zangu, kukanda kwa maji ya uvuguvugu na kwa mkono mwepesi sina ugomvi nako. Lakini nimeona mapaja yaliyobabuka kwa taulo la maji yanayochemka. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa, na mwenye mshono wa chini asikalishwe juu ya mvuke. Maji ya moto hayatoi damu chafu. Akiwa na homa au damu yenye harufu, aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

IKIWA IMESHATOKEA

Aliyepigwa shoti usimguse kabla ya kukata umeme kwenye boksi. Ukishindwa, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, nawe umesimama pakavu. Ikiwa hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Akizinduka na kusema amepona, bado alete moyo wake upimwe. Mapigo huweza kuyumba baadaye.

Aliyeungua na maji: vua nguo zilizolowa, pete na bangili kabla hajavimba, kisha mimina maji ya kawaida ya bomba juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili. Tazama saa, maana dakika 20 ni ndefu mtoto akilia. Hata kama imepita saa moja au mbili bado inafaa, mpaka saa tatu baada ya kuungua. Mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi. Usitie barafu, dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Asali ina tiba na Qur'an imeitaja katika Suratun Nahl, lakini dakika za kwanza kazi ni ya maji, na vitu vya kupaka hutuchelewesha kuona kina cha jeraha. Funika kwa kitambaa safi au mfuko safi wa plastiki, uje. Usipasue malengelenge. Aliyeungua uso, mikono, nyayo au sehemu za siri, mtoto mdogo, na jeraha lolote linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, asibaki nyumbani hata kama halii.

Wagonjwa wengi wakishafungwa bandeji huniuliza habari ya udhu kabla ya kuuliza habari ya dawa. Bandeji isilowe. Anayedhurika na maji sheria imemfungulia mlango wa tayamamu na wa kupaka juu ya bandeji, na namna ya kuvifanya kwa hali yake amuulize imamu wa msikiti wake, akimweleza sehemu iliyoungua na siku ambayo tabibu amesema bandeji itafunguliwa.